Florence Allen, jaji aliyeomba kura

Humu nchini mwetu jaji haombi kura. Anayetaka kuketi katika Mahakama Kuu hupeleka maombi yake kwa Tume ya Huduma za Mahakama, huhojiwa hadharani, na akifaulu huteuliwa na kuapishwa. Mwananchi wa kawaida huyatazama mahojiano hayo katika runinga, naye hana zaidi la kufanya. Ndiyo maana wanafunzi wetu wa historia hushangaa wanapoambiwa kwamba katika majimbo mengi ya Marekani jaji hupanda jukwaani kama diwani, akabandika picha yake kutani na kuwasihi wapiga kura wamkumbuke siku ya uchaguzi. Nami nilikuwa miongoni mwa walioshangaa. Kwa miaka mingi nimeshikilia kwamba ni aibu kwa mtu atakayetuamulia kesi zetu kuja kwanza kutubembeleza mlango kwa mlango. Aliyenitia shaka katika msimamo huo ni mwanamke mmoja wa jimbo la Ohio, ambaye maisha yake naomba ruhusa ya msomaji niyasimulie leo.

Jina lake kamili ni Florence Ellinwood Allen. Alizaliwa tarehe 23 Machi 1884 mjini Salt Lake City, katika Utah, wakati ambapo Utah haikuwa bado imekubaliwa kuwa jimbo. Babake, Clarence Allen, alikuwa mwalimu wa lugha za kale, Kigiriki na Kilatini, ambaye baadaye alisomea sheria. Na Utah ilipofanywa jimbo mwaka 1896, yeye ndiye aliyekuwa mbunge wake wa kwanza katika Bunge la Wawakilishi kule Washington. Mamake, Corinne, alikuwa mwanamke msomi na kiongozi wa vyama vya akina mama, asiyeweza kukaa kitako palipokuwa na jambo la kutetewa.

Kuna jambo moja kuhusu Utah ambalo halifai kupitwa. Wanawake wa huko walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1870, wakapokonywa na Bunge la Marekani mwaka 1887, kisha wakarudishiwa na katiba ya jimbo lao mwaka 1896. Florence alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja haki hiyo iliporejea. Kwa hiyo alipohamia Ohio kwa masomo, alitoka mahali ambapo mwanamke kupiga kura ni jambo la kawaida, akaingia mahali ambapo jambo hilo lilichukuliwa kuwa kichekesho. Aliyewahi kuonja asali hasimuliwi utamu wake.

Hata hivyo, hakuwa na azma ya kuwa wakili. Roho yake ilikuwa katika piano. Alipohitimu mwaka 1904 katika chuo cha wanawake cha Western Reserve University, mjini Cleveland, alivuka bahari hadi Berlin kusomea muziki, akitumaini kwamba siku moja atapiga piano katika kumbi kubwa za dunia. Madhara ya neva yaliyakatiza matumaini hayo. Alirudi Cleveland mwaka 1906, akawa mwalimu katika shule ya wasichana, na jioni akiandika uhakiki wa muziki katika gazeti la Plain Dealer. Wakati huohuo alisomea shahada ya uzamili katika sayansi ya siasa, akaipata mwaka 1908. Hapo ndipo sheria ilipomnasa.

Kunaswa ni jambo moja, na kupata pa kusomea ni jambo jingine. Kitivo cha sheria cha chuo kilekile kilichompa shahada zake hakikuwapokea wanawake. Alikwenda Chicago, akasoma mwaka mmoja akiwa mwanamke pekee katika darasa lake. Kisha akahamia New York, ambako alijilipia karo kwa kufanya kazi katika shirika lililowatetea wahamiaji na kwa kutoa mihadhara ya muziki. Alimaliza masomo ya sheria katika New York University mwaka 1913, akiwa miongoni mwa waliofaulu vizuri kabisa. Mwaka 1914 aliidhinishwa kuwa wakili katika Ohio. Alipobisha katika milango ya mawakili wa Cleveland, hapana aliyemfungulia. Basi akafungua ofisi yake mwenyewe, ndogo, akawatetea maskini kupitia shirika la msaada wa sheria, kazi ambayo haikuwa na malipo ya kujivunia.

Naomba msomaji alikumbuke hili la milango kufungwa, maana ndilo litakalotusaidia kuupima uchaguzi wa majaji.

Kilichomjulisha kwa watu wa Ohio ni mapambano ya kudai kura. Mwaka 1912 wanaume wa jimbo hilo waliulizwa kama wangependa wanawake wapige kura. Florence alizunguka kutoka kaunti hadi kaunti akihutubia katika viwanja vya mahakama, katika maonyesho ya kilimo na barabarani, popote palipokuwa na watu watano wa kumsikiliza. Wanaume wakakataa. Mwaka 1914 waliulizwa tena, wakakataa tena. Mwaka 1917 bunge la jimbo liliwaruhusu wanawake kumpigia kura rais peke yake. Mwaka haujaisha, sheria hiyo ikapelekwa kwa wapiga kura, nao ambao wote walikuwa wanaume wakaifuta. Mtu mwenye moyo mwepesi angalirudi kwenye piano yake.

Yeye aliliendea jambo lile kwa njia ya mahakama. Mji wa East Cleveland ulikuwa umeandika katika katiba yake ndogo ya mji kwamba wanawake watapiga kura katika uchaguzi wa mji huo. Jambo hilo lilipopingwa, Florence Allen alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Ohio kuutetea mji, na mwaka 1917 mahakama ikakubaliana naye. Alikuwa na umri wa miaka 33, wakili wa miaka mitatu tu. Sidhani kama yeyote kati ya majaji waliomsikiliza siku ile aliwaza kwamba miaka mitano baadaye angeketi katika benchi lilelile. Mwaka 1919 aliajiriwa kuwa naibu wa kiongozi wa mashtaka katika kaunti ya Cuyahoga, ambamo mji wa Cleveland umo, cheo ambacho hakuna mwanamke aliyekuwa amekipata kwingine Marekani.

Tarehe 26 Agosti 1920 badiliko la 19 la katiba ya Marekani lilitangazwa rasmi, na wanawake wa nchi nzima wakawa wapiga kura. Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki kumi. Kura za mchujo za vyama zilikuwa zimekwisha kupigwa na wanaume peke yao, na mlango wa vyama umefungwa. Lakini sheria ya Ohio iliacha dirisha moja wazi. Tangu 1911 majina ya waliowania ujaji yaliandikwa katika karatasi ya kura ya uchaguzi mkuu bila kutaja chama, na mtu asiyepitia mchujo aliweza kuwania iwapo angekusanya saini za kutosha. Wanawake waliokuwa wamezunguka na Florence miaka minane wakitafuta kura wasizozipata, sasa walizunguka wakitafuta saini, wakazipata upesi. Novemba ilipofika alichaguliwa kuwa jaji wa mahakama ya kaunti iliyosikiliza kesi kubwa za madai na za jinai, naye akawaongoza wawaniaji wenzake kwa wingi wa kura. Hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa katika mahakama ya ngazi hiyo popote Marekani kabla yake.

Majaji wenzake walimpokea kwa heshima, na kwa heshima hiyohiyo wakapendekeza akabidhiwe kesi zote za talaka. Waliona kwamba hapo ndipo mahali pa mwanamke. Florence, ambaye hakuolewa maisha yake yote, aliwajibu kwamba hajui lolote kuhusu ndoa na kwamba wao wenye wake wanafaa zaidi kwa kazi hiyo. Akapewa kesi za kawaida kama wengine. Ni jibu lililosemwa kwa upole, lakini lau angalikubali siku ile, huenda kila mwanamke aliyemfuata katika benchi angalikuta chumba cha talaka kikimngoja.

Kesi mbili za wakati huo ndizo zilizompima. Ya kwanza ilimhusu Frank Motto, jambazi aliyepatikana na hatia ya mauaji. Sheria ilitaka afe. Wapo waliodhani jaji mwanamke hataweza kulitamka neno hilo, na wapo waliomwandikia barua za vitisho wakimtaka asilitamke. Alilitamka mwaka 1921, akawa jaji wa kwanza mwanamke katika nchi hiyo kumhukumu mtu kifo. Mimi si mshabiki wa hukumu ya kifo, na sitaki kumsifu kwa kitanzi wala kwa kiti cha umeme. Ninalolitazama hapa ni kwamba hakuitikisa sheria ili aonekane na huruma ambayo watu waliitarajia kwake kwa kuwa ni mwanamke.

Ya pili inanigusa zaidi. William McGannon alikuwa mkuu wa majaji wa mahakama ya mji wa Cleveland, mtu mwenye marafiki wengi katika siasa na ambaye mwenyewe alifika pale kwa kura. Mwezi wa Mei 1920 mtu mmoja alipigwa risasi usiku baada ya kuwa pamoja naye, na McGannon akashtakiwa kwa mauaji. Katika kesi ya kwanza jopo la raia lilishindwa kukubaliana. Katika ya pili aliachiliwa. Mji mzima ulijua kwamba mashahidi walikuwa wamegeuza maneno. Ndipo alipofunguliwa mashtaka ya kusema uongo chini ya kiapo, na kesi ikafika mbele ya Jaji Allen. McGannon alipatikana na hatia, naye Florence Allen akamfunga gerezani kifungo cha kati ya mwaka mmoja na miaka kumi. Jaji aliyechaguliwa na watu akamfunga mkuu wa majaji aliyechaguliwa na watu haohao. Fedheha hiyo iliichochea Cleveland kuwaita wataalamu, akiwamo Roscoe Pound na Felix Frankfurter wa Harvard, kuchunguza jinsi haki ya jinai ilivyotendeka mjini, na matokeo ya uchunguzi wao yakachapishwa mwaka 1922.

Hapa ndipo penye mzozo wangu na nafsi yangu. Anayeupinga uchaguzi wa majaji ataonyesha kidole kwa McGannon, na atakuwa na haki: huyo ndiye jaji anayeletwa na mitandao ya wanasiasa. Anayeuunga mkono ataonyesha kidole kwa Allen. Debe ni lilelile, mji ni uleule. Iliyotofautiana ni mikono iliyowabeba. McGannon alibebwa na waliotarajia kulipwa fadhila. Allen alibebwa na wanawake ambao walikuwa wamekwisha kupata walichokitaka, yaani kura yenyewe, wala hawakuwa na kesi mahakamani ya kumwomba awapendelee.

Mwaka 1922, akiwa na miaka miwili tu katika benchi la kaunti, aliamua kuwania kiti katika Mahakama ya Juu ya Ohio. Waliomwona mwenye tamaa walikuwa wengi. Hakuwa na chama nyuma yake, na jimbo lina kaunti 88. Lakini wale wanawake wa mapambano ya kura walikuwa wangali wanajuana kwa majina. Wakaunda vilabu vya Florence Allen katika kaunti nyingi, wakachapisha kadi kwa fedha zao, wakawaandikia jamaa na marafiki, wakagonga milango. Mamake mzazi alikuwa miongoni mwao. Mwenyewe alihutubia kila alipoalikwa, ingawa mwaniaji wa ujaji hutatizika jukwaani: mwanasiasa huahidi barabara na shule, lakini jaji akiahidi jinsi atakavyoamua kesi, amekwisha kujiharibia sifa ya ujaji. Aliomba apimwe kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Alishinda kwa takribani kura 48,000, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuketi katika mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Miaka sita baadaye, mwaka 1928, watu wa Ohio walimrudisha kwa wingi wa takribani kura 350,000.

Katika miaka hiyo kumi na zaidi ya Columbus, mji mkuu wa Ohio, aliandika hukumu kuhusu mambo ambayo hayana mbwembwe lakini ndiyo maisha ya watu: mamlaka ya mji kupanga mahali pa viwanda na mahali pa nyumba, haki ya Cleveland kuendeshwa na meneja wa mji, haki ya wafanyakazi waliogoma kusimama kwa amani nje ya lango la mwajiri. Wanafunzi wa sheria wakizisoma leo wataona mtu aliyeipenda sentensi fupi.

Wala wapiga kura hawakumpa kila alichokiomba. Mwaka 1926 alijaribu kuteuliwa na chama cha Democratic kuwania useneti, akashindwa katika mchujo na Atlee Pomerene. Mwaka 1932 aliwania ubunge, akashindwa tena. Walimtaka awe jaji, hawakumtaka awe mwanasiasa, nami nadhani walimjua kuliko alivyojijua.

Rais Franklin Roosevelt alimteua mwezi wa Machi 1934 kuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa ya serikali kuu, mzunguko wa sita, unaohudumia majimbo ya Ohio, Michigan, Kentucky na Tennessee. Hakuna mwanamke aliyewahi kufika katika mahakama za rufaa za nchi hiyo. Safari hii hakuwa ameomba kura, na mapokezi yakawa baridi. Majaji wenzake walikula chakula cha mchana katika klabu isiyoruhusu wanawake kuingia, naye akala peke yake. Hakulalamika hadharani. Alijifungia na majalada yake, na taratibu wenzake walizoea.

Kazi iliyomtangaza katika cheo hicho ilikuwa kesi ya mabwawa ya mto Tennessee. Serikali ya Roosevelt ilikuwa imeunda shirika la umma la kujenga mabwawa, kuzuia mafuriko na kuuza umeme kwa bei nafuu katika bonde lililokuwa maskini. Kampuni 18 za umeme zilikwenda mahakamani kutaka lizimwe kwamba linakiuka katiba. Majaji watatu waliketi mjini Chattanooga kuanzia Novemba 1937, Florence Allen akiwaongoza, wakasikiliza ushahidi wa wahandisi kwa wiki nyingi juu ya kina cha maji, uzito wa saruji na mwendo wa mafuriko. Mwezi wa Januari 1938 aliandika hukumu iliyolipa ushindi shirika hilo, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikayakataa madai ya kampuni hizo. Shirika hilo lingali linazalisha umeme hadi leo.

Baada ya hapo kila nafasi ilipotokea katika Mahakama ya Juu ya Marekani jina lake lilitajwa. Vyama vya wanawake vilimwandikia Roosevelt barua. Roosevelt aliwateua majaji tisa katika mahakama hiyo, wanaume wote. Truman alipoingia, India Edwards, kiongozi wa wanawake katika chama chake, alimsihi amteue Allen. Kwa simulizi ya Edwards, rais hakuwa na pingamizi, ila alimwuliza kwanza Jaji Mkuu Fred Vinson, naye akarudi na jibu la wenzake: mwanamke akiingia katika chumba chao cha mashauriano hawataweza kuvua majoho, kulegeza mashati na kujadiliana kwa raha. Kwa sababu ya mashati, basi, mlango ukafungwa.

Ukipima maisha yake kwa mizani hii, msimamo wangu wa zamani unayumba. Mawakili wa Cleveland, watu wachache wenye elimu, walimpima mwaka 1914 wakamkataa. Majaji wa Washington, wachache na wenye elimu zaidi, walimpima katika miaka ya arobaini wakamkataa. Wauza maziwa, wakulima, walimu na wafua vyuma wa Ohio walimpima mara tatu, 1920, 1922 na 1928, wakamkubali mara tatu. Najua kwamba Roosevelt alimteua na kwamba uteuzi nao ulimfaa mara moja. Lakini ninashuku kama Roosevelt angalimwona kabla ya wakulima wale kumwinua. Najua pia kwamba kampeni za majaji wa Marekani siku hizi humeza fedha nyingi, na kwamba mwenye kutoa fedha nyingi huwa na kesi. Sijaacha kuogopa hilo. Ila siwezi tena kusema kwa kishindo cha zamani kwamba kura na haki haziwezi kulala nyumba moja.

Mwaka 1958 alikuwa jaji mkuu wa mahakama yake ya rufaa, wa kwanza mwanamke kushika usukani wa mahakama ya aina hiyo, na mwaka 1959 akastaafu kazi za kila siku. Aliandika kumbukumbu zake, zikatoka mwaka 1965. Alifariki tarehe 12 Septemba 1966 nyumbani kwake Waite Hill, Ohio, akiwa na umri wa miaka 82. Mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya Marekani, Sandra Day O'Connor, aliingia mwaka 1981.

Kuna habari moja ya karibuni ambayo mwanafunzi mwenye udadisi atapenda kuijua. Mwaka 2021 bunge la Ohio lilibadilisha ile sheria iliyomfaa Florence Allen, likaamuru kwamba karatasi ya kura iwe na chama cha mwaniaji kando ya jina lake katika uchaguzi mkuu wa majaji wa rufaa na wa Mahakama ya Juu. Karatasi hizo mpya zilitumika mara ya kwanza Novemba 2022, miaka mia moja kamili tangu yeye achaguliwe bila chama. Waliowania kiti cha jaji mkuu wa jimbo siku hiyo walikuwa Sharon Kennedy na Jennifer Brunner, wanawake wote wawili.